Mtakachokuta Ndani ya Tumbo Langu Siku ya Jumanne

Kwenu ninyi vijana mtakaosimama kuizunguka meza ya upasuaji Jumanne asubuhi, mkiwa mmevaa kofia safi juu ya vichwa vilivyojaa elimu, natoa salamu. Mimi ndiye nitakayekuwa nimelala juu ya meza hiyo. Kwa kuwa mtanifungua tumbo wakati ambapo sina uwezo wa kuwajibu, nimeona ni haki niseme sasa, mdomo wangu ukiwa bado chini ya mamlaka yangu. Sikukanyaga shule hata siku moja. Anayeandika ni mjukuu wangu Mave, mwanafunzi wa uuguzi, stajiere kama mnavyomwita, ambaye siku hiyo mmempangia kazi ya kuhesabu vitambaa, nadhani kwa sababu mliona ndiyo kazi isiyoweza kumletea mtu sifa. Sina wasiwasi na kisu chenu. Wasiwasi wangu uko kwenye hesabu hiyo, na kama mtamsikiliza anayeifanya.

Dokta wenu kijana amenipima na kunijulisha kwamba mfuko wangu wa nyongo umejaa mawe. Majirani zangu wa Mudzipela hawakushangaa. Wamesema tangu zamani kwamba mwanamke huyu ana nyongo nyingi. Sasa wamepata picha ya kuthibitisha. Dokta akachukua kalamu, akanichorea kitu kama kiatu kilichokanyagwa na lori, akaniita bibi kwa Kilingala, kwa sauti ile mnayotumia kwa wazee na watoto wachanga:

"Koko, usiogope. Ndani ya tumbo yako kuna kitu moja inaitwa ini."

Nilimshukuru. Miaka ishirini na sita nilisimama katika chumba kilekile, nikivuta maini ya watu kwa chuma ili wakubwa wake wapate kuona wanachokata, lakini sikuwahi kuelezwa kwa upole kiasi kile kwamba ini lipo.

"Na iko upande gani, dokta?" nikamwuliza.

"Upande wa kuume, Koko."

"Asante, mwanangu. Nilikuwa na wasiwasi kwamba limehama."

Mave alinikanyaga mguu chini ya meza. Mtoto huyu anaona aibu haraka. Ni ugonjwa utakaomsumbua katika kazi hii, na ndiyo sababu namlazimisha aandike kila neno.

Nianze na nilivyoingia. Kabla ya hospitali nilikuwa muuzaji wa matumbo ya ng'ombe. Alfajiri nilikwenda machinjioni, nikapokea beseni langu, nikateremka hadi kijito cha Nyamukau kuosha, kisha nikapanga bidhaa yangu sokoni. Tumbo la ng'ombe nililijua kama mnavyojua simu zenu. Nilijua tumbo kubwa linalofanana na taulo, nilijua lile dogo lenye vyumba kama masega ya nyuki, nilijua lile laini la mwisho, nilijua lile lenye kurasa. Lile lenye kurasa ndicho kitabu pekee nilichowahi kukifungua katika maisha yangu, na nilikisafisha vizuri, jambo ambalo wasomi wengi hawalifanyi na vyao.

Mteja wangu mmoja alikuwa Papa Zakaria, mzee aliyelaza wagonjwa kwa dawa ya usingizi hospitalini. Siku moja alisimama mbele ya beseni langu akanitazama nikitenganisha utumbo na mafuta yake bila kuutoboa.

"Mama, mikono yako haitetemeke," akasema. "Unaweza ona damu ya mutu bila kuanguka?"

"Ya mutu inanuka mubaya kupita hii?"

"Hapana."

"Basi."

Hivyo ndivyo nilivyofanyiwa mtihani wa kuingia kazini. Ninyi mmesoma miaka minne.

Siku ya kwanza walinipa ndoo na kitambaa, wakaniambia nisimame ukutani nisiguse kitu chochote cha rangi ya kijani. Mgonjwa alikuwa mwanamume mnene wa Ariwara, mfanyabiashara, na utumbo wake ulikuwa umejifunga. Walipomfungua nikaona mfuko mmoja wa chakula. Nikasubiri. Wakasogeza hiki, wakainua kile, wala sikuona mingine. Huruma ikanishika kwa mtu yule, nikasema kwa sauti:

"Dokta, huyu baba anakosa matumbo matatu."

Walicheka hadi Papa Zakaria akawakumbusha kwamba usingizi una mwisho. Nami nawaambia, hadi leo sijaona aibu. Nilihesabu nilichoona nikasema kilichopungua. Kosa langu lilikuwa kudhani mtu ni ng'ombe. Kosa la wasomi huwa ni kudhani kwamba karatasi ni mtu. La kwanza husahihishwa kwa kicheko. La pili mtasikia.

Sasa niwaeleze mtakachokuta, maana Mave amenionyesha picha mnazosoma kwenye simu, nami nimesikitika. Humo ini ni la kahawia safi, nyongo ni ya kijani, mshipa mmoja mwekundu na mwenzake wa buluu, kama bendera za mataifa. Jumanne mtashangaa. Ndani ya tumbo kila kitu kimepakwa damu, kinang'aa, na kinasogea. Hakuna kilichoandikwa jina.

Kwanza mtakutana na ngozi, ambayo kwangu imekunjamana, msihangaike nayo. Chini yake kuna mafuta ya manjano. Msiulize mengi, nimezaa watoto saba na ninapenda ugali wa muhogo. Kisha kuna nyama, kisha ule utando mwembamba wa mwisho, mwembamba kama ngozi iliyo ndani ya ganda la yai. Hapo acheni haraka. Mkuu wa upasuaji wa zamani, mzee aliyekuwa na mikono mifupi na subira ndefu, alikuwa akiuinua utando ule kwa koleo mbili, akautazama dhidi ya taa, akauliza kila mara swali lilelile: "Kuna mtu nyuma ya mlango?" Alikuwa akihakikisha utumbo haujashikamana nyuma yake. Nimeona vijana waliopasua bila kubisha, wakaingia moja kwa moja ndani ya utumbo, na chakula cha jana kikatoka kuwapokea.

Baada ya utando mtakuta shuka la mafuta limetandazwa juu ya utumbo wote. Kwenye ng'ombe tulilivua tukafunikia nyama, kwa hiyo nililidharau. Papa Zakaria ndiye aliyenifundisha kuliheshimu. "Hiyo shuka iko na akili kupita siye," aliniambia. "Pahali kuna matata, itaenda kufunika." Nimeliona kwa macho yangu: likiwa upande wa kushoto leo, kesho limevuka kwenda kuume kuzingira kidole tumbo kilichooza, limekikumbatia ili usaha usienee. Hakuna aliyelituma. Halina cheo wala halijui Kifaransa. Likumbukeni shuka hili, nitalirudia.

Chini yake kuna utumbo mwembamba, nao ni kama barabara ya kwenda Aru: ni mrefu kuliko ulivyoambiwa, una kona mahali usipotarajia, na ukitoka nje yake hujui utarudije. Unapoutoa kuukagua, utoe kwa mpangilio, mkono kwa mkono, na unaporudisha usiusukume kama nguo ndani ya sanduku la msafiri aliyechelewa. Wenyewe unajua kujipanga, ukipewa nafasi. Mwisho wa barabara hiyo, chini upande wa kuume, kuna forodha. Kilichopita pale kwenda utumbo mpana hakirudi. Na pembeni ya forodha ananing'inia kidole tumbo, kama kijana asiye na kazi pale mpakani: hana mzigo, hana kibali, anasubiri tu siku ya kuleta matata.

Wengu umejificha kushoto juu, chini ya mbavu, laini na wenye hasira. Ukiuvuta kwa nguvu utatoka damu hadi uombe msamaha kwa lugha ya mama yako. Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula, na mkuu wa zamani alisema lisiguswe hata kwa mawazo. Figo ziko nyuma kabisa, nje ya utando, kama wazee wanaokataa kukaa chumba kimoja na watoto. Nawaelewa wazee hao.

Ninyi mnakwenda kwenye nyongo, chini ya ini. Ni mfuko mdogo kama pera bichi. Ili muuone, lazima mtu avute ini juu kwa chuma, na mtu huyo atakuwa mdogo wenu kuliko wote, kwa sababu dunia haijabadilika. Mimi nilivuta chuma hicho siku zote walipokosa mikono. Anayevuta haoni kitu, lakini lawama zote ni zake. Nimpe maarifa ambayo hayamo kwenye simu. Usivute kama unayemkokota mbuzi kwenda sokoni. Vuta mara moja, kisha tulia, uegemeze kiwiko mbavuni mwako, upumue pamoja na mgonjwa. Vidole vikifa ganzi, sema. Usijifanye shujaa hadi chuma kiteleze. Wala usiinamishe kichwa ili uone. Mimi niliinamisha mara moja tu. Mkuu akasimamisha mkasi akaniuliza kwa adabu kubwa:

"Mama, kichwa yako inapitisha mwanga?"

"Hapana, dokta."

"Pole. Nilifikiri umeniletea dirisha."

Siku zile tulifua kompresi, vile vitambaa vya kufyonzea damu. Ndiyo, ninyi mnaozitoa ndani ya paketi safi kama biskuti, sisi tulizifua, tukazichemsha, tukazianika, tukazikunja kwa mkono na kuzipika ndani ya sufuria la mvuke juu ya makaa. Kwa sababu hiyo kila kompresi niliifahamu kama mtoto wa jirani. Siku nisiposhika chuma, kazi yangu ilikuwa kuziokota zilizotumika, kuzipanga sakafuni tano tano, na kujua ngapi ziko nje na ngapi bado ziko ndani ya mtu.

Sikujua kuandika, basi nilitumia maharagwe. Kompresi ikiingia mezani, niliweka punje moja katika mfuko wa kushoto wa vazi langu. Ikitoka tumboni, nilihamisha punje hiyo mfuko wa kuume. Mfuko wa kushoto ukiwa mtupu, tumbo nalo ni tupu, shoneni. Papa Zakaria alilipenda jambo hili. Mkuu wa wauguzi, aliyeitwa na wote Chef, hakulipenda. Yeye alikuwa na karatasi. Alihesabu kwa Kifaransa, kama ilivyo kwa kila hesabu inayotaka kuheshimiwa, akaandika idadi mwanzoni, na mwishoni akasoma idadi. Na mimi niliamini kwamba kitu kilichoandikwa hakiwezi kukosea. Huo ndio ujinga wa kutosoma. Ule wa kusoma mnao ninyi.

Sasa naingia mahali ambapo Mave ameniuliza mara mbili kama nina hakika nataka liandikwe. Andika.

Aliletwa mama mmoja wa upande wa Djugu, mkulima, aliyekimbilia Bunia na watoto wake wakati wa vita na kuishi kwenye kambi ya wakimbizi. Aliitwa Mama Bahati. Alikuwa na mawe kwenye nyongo, hayahaya niliyo nayo mimi, na alipasuliwa palepale mtakaponipasua. Mkuu wa zamani alikuwa amestaafu. Aliyepasua alikuwa mrithi wake, mtu mwenye haraka na mikono mizuri. Siku hizo kompresi zilikuwa haba. Katikati ya kazi, damu ikachuruzika mahali pembamba chini ya ini, na kompresi nzima haikuingia. Mrithi akachukua mkasi, akaikata moja vipande viwili, akapachika kipande kimoja hapo, kingine akafutia damu, akaendelea.

Mimi niliona mkasi. Nikaongeza punje moja mfuko wa kushoto, maana kitu kimoja kilikuwa kimekuwa viwili. Karatasi haikuona mkasi.

Mwishoni Chef akahesabu vilivyolala sakafuni, akasoma karatasi yake, akatangaza ishirini kwa ishirini kwa furaha ya mwalimu anayegawa alama:

"Vingt sur vingt! Dokta, unaweza funga."

Nikaingiza mkono mfuko wa kushoto. Punje moja ilikuwa bado humo.

"Dokta," nikasema, "kuna moja inabakia."

"Moja ya nini, mama?" akauliza Chef.

"Haragi moja. Mu mufuko yangu."

Chef akacheka kwanza, wengine wakamfuata, kama kawaida ya vyeo. "Mama, siye tuko na funga tumbo, weye uko na pika? Karatasi iko sawa. Vingt ni vingt. Ama weye umesoma kunipita?"

Mrithi alinitazama kwa muda wa pumzi moja. Alikuwa ameshika sindano tayari. Papa Zakaria hakuwapo. Alikuwa amelazwa Nyankunde kwa ugonjwa wake mwenyewe. Nilikuwa na uwezo wa kusema: ulikata moja, dokta, nilikuona. Maneno manne, hayazidi hapo. Nilijiambia kwamba huenda macho yangu yamekosea. Kwamba waliosoma wanajua namna ya kuhesabu nusu. Kwamba mwanamke wa kuosha matumbo akimsimamisha dokta mbele ya watu, kesho atarudi Nyamukau na beseni lake. Nilijiambia mengi kwa muda mfupi. Akili ya mwoga husoma haraka bila shule.

Nikanyamaza. Wakashona. Punje nikaenda nayo nyumbani.

Msimu wa mvua haujaisha, Mama Bahati akarudi ana homa, amekonda, upande wa kuume umevimba. Wakamfungua tena. Na hapo nikaliona lile shuka la mafuta ambalo nimewaambia mlikumbuke. Lilikuwa limetoka mahali pake, limepanda hadi chini ya ini, limezunguka kitu fulani na kukibana kwa nguvu zake zote. Mrithi akalibandua polepole. Ndani yake kulikuwa na nusu ya kompresi, imeoza, lakini pindo lililokunjwa kwa mkono lilionekana bado. Mimi ndiye niliyeikunja. Shuka lile lilikuwa limejua tangu siku ya kwanza. Lilikuwa limefanya kwa uaminifu kazi ambayo mimi niliiacha kwa sababu ya kicheko.

Mrithi akasema neno moja tu: "Kompresi." Chef akasema mawili: "Mufunike, mufunike." Familia ikaambiwa lilikuwa jipu.

Mama Bahati alipona, bila msaada wa fadhila zetu. Alipopata nguvu alirudi akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, akautua mbele ya chumba chetu, akasema ameleta kwa ajili ya kazi tuliyomfanyia. Wazia mambo hayo: mtu anakushukuru kwa kumtoa kitu ulichomwekea mwenyewe. Chef alikula ndizi nne akasifu udongo wa Ituri. Mimi nilisema nina kazi, nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Baada ya hapo sikunyamaza tena. Ulizeni waliofanya kazi nami: waliniita Mama Bado. Punje ikibaki mfukoni nilisema "bado," na wakicheka nilisema "bado" mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, na mara moja nilisimama mbele ya sindano ya dokta nikiwa na fagio mkononi. Kompresi ilikuwa imenaswa chini ya kiatu chake. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, na mgonjwa alikuwa na haki ya kutobeba kiatu cha mtu tumboni. Walinivumilia hadi kustaafu. Lakini kila "bado" niliyoisema kwa wengine ilikuwa deni la ile moja, na kwa mwenyewe aliyedai sikuwahi kulipa hata neno.

Sasa mawe yameniletea zamu yangu. Juma lililopita nikamtuma Mave kwenda sokoni kumtafuta Mama Bahati, ambaye siku hizi anauza unga wa muhogo karibu na lango la juu. Mave alidhani nataka unga.

Alikuja, akaketi, akafuta vumbi miguuni. Amezeeka kama mimi. Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi: mkasi, punje, kicheko, ndizi. Mave alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, hajui aingie au akimbie. Mama Bahati alinisikiliza hadi mwisho bila kubadili uso. Kisha akasema:

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Dawa yenu ya kulala iliisha mbele ya maneno yenu. Nilisikia *kompresi*. Nilisikia *mufunike*. Nilikuwa siwezi fungua macho, lakini masikio yangu haikulala."



"Sasa ndizi ulileta ya nini?" nikamwuliza.

"Nilitaka ona nani atakula."

Nje motari mmoja alikuwa akigombana na abiria wa pikipiki yake kuhusu kuku.

"Weye hukukula," akasema. "Nikajua kuna mutu moja mule ndani anajua. Nikangojea aje aniambie. Mama, umekawia sana! Karibu ningekufa bila kusikia."

"Nisamehe."

"Nitaona Jumanne," akajibu. "Ukitoka muzima, nitakusamehe. Mutu haachilie mufu deni. Anakosa nani wa kumushukuru." Kisha akaniomba ile punje. Nilikuwa nayo bado, ndani ya kopo la chumvi, imekauka kama jiwe. Akaitazama kwa muda mrefu, akaipima kiganjani kana kwamba ananunua. Akamwita Mave, akaiweka mkononi mwake, akafunga vidole vyake juu yake kwa nguvu.

"Mutoto, weye utahesabu?"

"Ndiyo, mama. Lakini mi ni stajiere tu. Dokta akisema tufunge..."

"Nilibeba *stajiere tu* mu tumbo muda mrefu," akasema Mama Bahati. "Iko nzito."

Haya basi, wasomi wangu. Nimewaeleza njia yote, kuanzia ngozi hadi figo. Bisheni kabla ya kupasua utando. Shuka la mafuta lisogezeni kwa heshima. Wengu msiuamshe. Anayevuta ini apumue pamoja nami. Kompresi zikitosha, msikate hata moja. Zisipotosha, anayekata aseme kwa sauti kwamba amekata, hata kama ana vyeti vinavyojaza ukuta. Namba mwandike ubaoni kwa Kifaransa, sina ugomvi na Kifaransa. Lakini Mave atakuwa na maharagwe mifukoni mwake, nimeyachagua mwenyewe, na mwenye kutaka kucheka acheke sasa, wakati tumbo langu bado limefungwa.

Mimi nitakuwa nimelala, jambo ambalo sikulifanya katika chumba kile kwa miaka ishirini na sita. Mama Bahati atakuwa ameketi nje ya mlango na mkungu wa ndizi, akisubiri kuona nani anastahili kula. Mkishika sindano, kabla ya kushona, mtazameni yule binti aliyesimama ukutani. Atakuwa anatetemeka, kwa maana anaona aibu haraka. Mwulizeni hata hivyo. Akisema "bado," basi bado.